Mkebe Ulioandikwa Kilo Moja

Kitale,
Novemba.

Kwa binti yangu Jentrix,

Pokea salamu za baba yako, zikufikie wewe, mume wako Kiplangat na watoto, popote mlipo asubuhi hii huko Bungoma. Natumaini mko wazima, na kwamba mvua hii isiyojua kwamba wakati wake umekwisha haijawazibia njia ya kwenda dukani kwako Kibabii. Huku kwetu mahindi yamevunwa, na ghala la kaka yako Makokha limejaa. Watu wote wa boma ni wazima isipokuwa mimi. Daktari anasema moyo wangu umepanuka na hautarudi ulivyokuwa. Alinieleza polepole, kama mtu anayemwambia mtoto habari za mbuzi aliyepotea. Nikamwambia aseme haraka, kwa sababu nina kazi. Kazi yenyewe ni barua hii.

Kuna jambo nimekuficha, Jentrix. Nimekuficha wewe, nikamficha Makokha, kanisa na ukoo mzima. Mama yako hakujua kuoka mkate. Hakuoka hata mmoja tangu nilipomwoa mpaka tulipomzika.

Usiikunje barua. Soma. Sikutaka kukupigia simu kwa maana ungenikatiza, na pumzi niliyo nayo siku hizi haitoshi kukatizwa.

Juzi ulimpigia simu Roselyne, mke wa kaka yako, ambaye ndiye anayenitunza. Alikuwa akimenya viazi, akaiweka simu juu ya ndoo na kufungua sauti, nami nilikuwa sebuleni mlango ukiwa wazi. Watu hudhani masikio huzeeka pamoja na magoti. Nilikusikia ukisema kwamba duka lako la mikate linakuaibisha, ati umeandika "Mkate wa Mama Edinah" juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na sasa wanafunzi wa chuo wananunua mkate mmoja mmoja na kuuweka chini ya kitanda kungojea siku ya mgomo, wawe na cha kurusha. Roselyne alicheka. Mimi pia nilicheka, peke yangu, mpaka nikakohoa. Lilikuwa neno zuri.

Halafu ulisema lile lingine, na hapo hakuna aliyecheka. Ulisema mama yako alipokuwa anakufa alikupa kipimo cha mkate cha uongo kwa makusudi. Ulisema hakuwahi kukusamehe kuolewa na mtu wa mlimani, basi akasubiri saa ya mwisho akupe laana iliyofungwa kama zawadi. Na kwa hiyo mwezi ujao, tutakapoweka msalaba juu ya kaburi lake, hutakuja, kwa sababu huwezi kusimama mbele ya mtu aliyekuaga kwa uongo. Roselyne alikuuliza kwa nini, ulipoona unga umekuwa mkavu, hukuongeza maji tu. Ukamjibu kwamba yale yalikuwa maneno ya mtu aliye kitandani pa kufa, na maneno kama hayo hayaongezwi wala hayapunguzwi.

Hapo ulinena kama mtoto wa nyumba hii. Ndivyo tulivyokulea. Mtu akiaga akasema ng'ombe mwekundu apewe fulani, hata kama fulani ana zizi limejaa, atapewa mwekundu. Sikulaumu kwa kutoongeza maji. Lakini mama yako hakukudanganya, na siwezi kuingia kaburini kando yake nikijua kwamba binti yake anamwita mwongo kwa kosa la mkebe.

Naam, mkebe. Alikuambia nini? Nilikuwepo, nilisikia. Mikebe mitatu ya unga wa ngano, mkebe mmoja wa maji ya uvuguvugu, robo mkebe wa mafuta, robo mkebe wa sukari, vijiko viwili vya hamira, kimoja cha chumvi. Neno kwa neno ni sahihi. Wewe ukaenda Bungoma, ukanunua mizani ya betri kama mwenye duka anayejiheshimu, ukatazama ule mkebe wa mafuta ulioandikwa ubavuni kilo moja, ukaandika: unga kilo tatu, maji kilo moja. Sivyo? Nina hakika ndivyo, kwa sababu nchi hii yote ina ugonjwa huo. Nenda sokoni Ndalu umuulize yeyote gorogoro, ule mkebe mkubwa wa kupimia nafaka, ni kiasi gani. Atakuambia ni kilo mbili, awe anakupimia mahindi, maharagwe, omena au unga. Tunasahau kwamba kilo iliyoandikwa pale ni ya mafuta yaliyokuwa ndani kabla hatujayala. Mkebe haubebi kilo. Unabeba nafasi, na kila kitu hujaza nafasi kwa uzito wake.

Basi siku iliyofuata simu yako nilichukua fimbo yangu nikaingia jikoni. Mchana kweupe. Nilikuwa nimemtuma Makokha mjini aniletee mizani kama yako, naye alidhani nataka kupima dawa. Roselyne aliniona mlangoni akasimama na sufuria mkononi. Akaniuliza Baba anataka aletewe nini. Nikamwambia sitaki kuletewa kitu, nataka anipishe. Unajua mkwe na baba mkwe kwetu hawapitani hata kwenye mlango mmoja kwa urahisi. Alitoka nje kama jiko limeshika moto, akasimama kwenye migomba, amejishika kichwa.

Baba yako mdogo Wepukhulu alifika nikiwa katikati ya kazi. Mtu huyo hunusa aibu kama wengine wanavyonusa mvua. Alisimama nje ya dirisha, akaniuliza kama nimeanza kuhesabu chumvi ya wanawake, na kama kesho aniletee leso nijifunge kiunoni. Nikamwambia kama inasaidia kushika sufuria ya moto alete mbili. Akasema mwanamume aliyetahiriwa pamoja naye, asubuhi ile ya baridi mtoni, hawezi kuchungulia vyungu. Nikamjibu kwamba nakumbuka vizuri mahali kisu kilipopita, na hakikupita kwenye mikono. Alitema mate, akasema "Bana, Mukhisa, umri umekuharibu," lakini hakuondoka. Alibaki pale dirishani akitazama nambari zinavyobadilika kwenye mizani.

Mara ya kwanza nilimwaga unga mezani, nikaanza upya. Haya ndiyo niliyoyapata, na uyaandike ukutani pa duka lako. Mkebe wa unga uliochekechwa, usiogongwagongwa, ukafutwa juu kwa rula, ni gramu mia tano na themanini. Si kilo. Ni zaidi ya nusu kidogo tu. Mkebe wa maji ni gramu elfu moja na mia moja, yaani umepita kilo. Mkebe wa sukari unakaribia mia tisa na arobaini. Mafuta peke yake ndiyo yanayotii maandishi ya mkebe. Sasa piga hesabu. Mikebe mitatu ya mama yako ilikuwa gramu elfu moja mia saba na arobaini za unga, na maji elfu moja na mia moja. Wewe uliweka unga kilo tatu kwa maji kilo moja. Hata mimi ningeuweka chini ya kitanda.

Na unga lazima uchekechwe kabla ya kuingia mkebeni, si baada. Ukiuchota kwenye gunia na kuugonga mkebe mezani kama muuza mahindi anavyofanya ili mnunuzi aone amependelewa, unashindilia gramu mia na zaidi ambazo hukuziomba. Mama yako hakukuambia hilo. Hakuficha. Hakulijua, kwa maana aliyekuwa akichekecha ni mimi.

Sasa nimelisema, na nyumba haijaanguka.

Ilianza mwaka tuliopata mimba ya kaka yako. Daktari wa misheni alimwamuru mama yako Edinah alale chali miezi ile yote, la sivyo angempoteza mtoto kama tulivyokuwa tumewapoteza wawili wa kwanza. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Dada zake Edinah walikuwa mbali. Nilikuwa mwalimu wa kemia, na kitu pekee alichoweza kukila bila kutapika kilikuwa mkate laini, na mkate wa dukani wakati huo uliletwa mara moja kwa juma ukiwa umeshapata ndevu. Rafiki mmoja wa shuleni alikuwa na kitabu cha mapishi kutoka ng'ambo. Kilisema vikombe: vikombe vinne vya hiki, kikombe na robo cha kile. Kikombe gani? Nyumbani tulikuwa na kikombe cha bati, kikombe cha wageni na kile kilichovunjika sikio, na hakuna viwili vilivyolingana. Mkate wangu wa kwanza ulikuwa ndugu wa mkate wako.

Jumamosi moja nilibeba mizani ya maabara ya shule, ile ya vijiwe vya shaba, nikaifunga kwenye koti, nikaja nayo nyumbani. Nilipima mpaka nikajua. Kila kitu nilikiweka kwa gramu, kama inavyompasa mtu aliyesoma. Halafu Jumatatu mizani ikarudi shuleni, nami nikabaki na gramu zisizo na mizani. Ndipo nikatafuta mkebe ambao ungezishika gramu hizo bila kunisumbua, na mkebe wa mafuta ukafaa. Kwa hiyo kipimo kilianza kwa uzito, kikageuzwa nafasi, na wewe ulipojaribu kukirudisha kwenye uzito ulipita njia isiyokuwepo.

Makokha alizaliwa akiwa hai na mnene. Wanawake wa kanisa walikuja kumwona, wakapewa chai na mkate, wakauliza Mama Makokha amejifunzia wapi. Edinah alinitazama. Nilikuwa nimevaa tai, nimekaa na wazee. Kama angesema ni mume wake, kufikia jioni Kitale yote ingejua kwamba Mwalimu Mukhisa hukaa jikoni na kwamba mke wake hajui kazi. Akasema amejifunza kwa kujaribu. Usiku ule tulicheka mpaka tukamwamsha mtoto. Na kicheko kile kilitufunga kwa miaka yote iliyofuata.

Unakumbuka mlango wa jiko ulivyokuwa ukifungwa, na mama yako akisema mkate hautaki macho ya watu, ukitazamwa hauumuki? Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango akichambua maharagwe, akiwafukuza ninyi na majirani. Unakumbuka nilivyokuwa nikibeba mitihani ya wanafunzi kwenda jikoni, ati nasahihisha palipo na joto? Mitihani ile ilisahihishwa, lakini mkate ukiwa tanurini. Na ule unga mweupe kwenye koti langu, hakuna aliyeuliza. Mwalimu huchafuka chaki. Mwenyekiti wa kanisa alinipangusa bega mara moja, mbele ya mkutano, akiusifu utumishi wangu katika elimu.

Usifikiri nakueleza haya nikiwa nimeinamisha kichwa. Siinamishi. Nilifundisha kemia mpaka nikastaafu, na wengi niliowafundisha wamesahau hata jina la chumvi. Lakini hakuna mtu aliyekula mkate ule akausahau. Nilipenda kukanda. Nilipenda namna unga unavyoanza kuvuta vidole kisha unaviachilia. Kama hilo linanitoa katika uanaume, basi nitazikwa nje yake, na wasomao miiko watafute mtu mwingine wa kumtisha. Mimi sina muda mwingi uliobaki wa kuogopa.

Nitakuambia kilichotokea siku ya kitanda. Ulipofika na simu yako kumrekodi, chumba kilikuwa kimejaa wanawake wa kanisa. Ulimuuliza kipimo, na alikitaja chote, kama alivyokiona kwa macho kutoka kwenye kigoda chake, kupitia ufa wa mlango, mwaka baada ya mwaka. Alijitahidi, Jentrix. Alikuwa akipumua kwa shida kati ya mkebe na mkebe. Mtu anayelaani hajisumbui hivyo. Mlipotoka nilimwambia nataka kukufuata nikueleze. Alinishika kidole, akasema nisithubutu. Alisema jina lake zuri ataondoka nalo, na langu nitabaki nalo, na niahidi. Nikaahidi.

Ahadi hiyo naivunja leo, kwa kalamu, nikiwa na akili zangu zote. Ningeweza kukutumia gramu tu, nikaliacha jina lake pale lilipo. Lakini ungeniuliza nimezijuaje, nami sitaongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Nikimkuta huko mbele atanigombeza. Acha anigombeze. Nitamwambia nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua, jina lake kwa watu au jina lake kwako, na nikachagua la kwako.

Rangi nyekundu iliyo juu ya mlango wa duka usiifute. Ni mkate wa Mama Edinah. Mimi nilikanda, yeye alilinda mlango, na bila mlango ule nisingeoka hata chapati. Ila mtu akikuuliza ni nani aliyeuoka, mwambie. Waambie wanafunzi wako. Waambie wanawake wa kanisa watakapokuja kwenye msalaba, na uwaambie kwa sauti, nikiwapo kama nitakuwapo. Bungoma kuna joto kuliko Kitale, kwa hiyo usisubiri kuumuka kwa saa, subiri kwa macho. Ukibonyeza kwa kidole na alama ikarudi polepole, unga uko tayari.

Juu ya Kiplangat, nitasema mara moja. Aliyekataa ndoa yenu si mama yako. Ni mimi, na ulinisikia. Wepukhulu alikuwa amenyang'anywa shamba lake mlimani na watu wa kabila la Kiplangat miaka ile mibaya ya mapigano, akalia mbele ya ukoo, mtu mzima, kwa sauti. Mimi ndiye mkubwa wao. Wakanitazama, nikasema neno walilolitaka, kwamba hakuna mguu wa nyumba yangu utakaokanyaga harusi hiyo. Mama yako alinyamaza, nawe ukaweka moyoni kwamba baba amekataa na mama amemeza. Sasa umemtwika na yeye kukataa kwangu. Mtue. Mzigo huo ulikuwa na mwenyewe.

Roselyne anakusalimu. Ameanza kuingia jikoni nikiwa ndani, tunapeana migongo na kazi inaendelea. Makokha anakusalimu, anasema ataleta gari mpaka stendi ya Kitale siku ya msalaba, mkija. Wepukhulu hajatuma salamu, lakini nilipotoa mkate tanurini alikula vipande vitatu pale pale dirishani, akasema ulihitaji chumvi. Haukuhitaji. Msalimie Kiplangat, umwambie mzee anamtaka aje, na akae kwenye kiti cha mbele. Wabusu watoto. Mungu awalinde na awape riziki ya halali.

Nimebakiza jambo moja, na mkono umeanza kuchoka. Siku ya harusi yenu kule mlimani Kapsokwony, kwa kina Kiplangat, ilifika keki ya ghorofa tatu, imefungwa kwa kitenge cha mama yako, bila neno lolote. Niliambiwa ulipoiona ulikaa chini ukalia, ukasema afadhali mzazi mmoja amekukubalia, neno ambalo mkate mgumu umekusahaulisha. Kitenge alikifunga mama yako. Lakini mimi, nilipomaliza kusema hapana mbele ya ukoo, nilikwenda nyumbani, nikavua koti, nikaanza kuchekecha unga.

Keki ya harusi yako niliioka mimi.

Ni mimi baba yako,
Mukhisa.